Sentensi zangu za Kiingereza zinarudi na wino mwekundu: kishazi ni nini hasa?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Tanga, na ninajiandaa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa kuwa nataka kuinua alama yangu ya Kiingereza kabla ya kuomba nafasi chuoni. Jioni ninahudhuria masomo katika kituo kimoja hapa mjini. Mwalimu wetu hutupa insha ya kuandika, na za kwangu hurudi zikiwa zimejaa mistari myekundu. Pembeni huandika neno fragment sehemu moja na run-on sehemu nyingine, kisha huendelea na daftari la mwenzangu, maana tuko wengi na muda wenyewe ni mfupi.

Maana ya kishazi naijua kwa kichwa: ni kundi la maneno lenye kiima na kiarifu. Sentensi nayo ni kundi la maneno lenye maana kamili. Sentensi sahili, ambatano na changamano nilizisoma katika somo la Kiswahili na hazikuwahi kunisumbua. Nikigeukia Kiingereza, mambo yanakataa. Nikiandika sentensi fupifupi, mwalimu anasema naandika kama mtoto wa darasa la tatu. Nikiandika ndefu, zinakatwa. Naomba uitazame aya hii kutoka katika insha yangu ya mwisho:

"Last year I visited my aunt in Pangani. Because she was sick. When I reached her house I found it is locked, I asked the neighbour where has she gone. Although the neighbour was busy but she told me that my aunt she had gone to hospital. The woman who I met her at the bus stand she showed me the road, however it was raining I continued."

Kwa nini "Because she was sick" ni kosa ilhali ina kiima, ina kitenzi na maana yake inaeleweka? Nitajuaje kwamba sentensi ni ambatano au ni changamano, nikiulizwa? Na je, ingekuwa salama zaidi kuziacha kabisa sentensi ndefu?

Mtahiniwa wa kujitegemea, Tanga

JIBU

Marahaba, dada yangu.

Nimeisoma aya yako kwa makini, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba makosa yaliyomo si ya mtu asiyejua Kiingereza. Msamiati wako unatosha na habari inaeleweka tangu mwanzo hadi mwisho. Karibu kila mahali palipopigiwa mstari, ulichofanya ni kujenga kishazi cha Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili, na kanuni hizo ni sahihi kabisa katika lugha yake. Ndiyo maana somo la Kiswahili halikukusumbua. Mwanafunzi wa Tanzania anayesoma elimu ya msingi kwa Kiswahili hufika sekondari akiwa na ujuzi mkubwa wa kuunganisha vishazi, lakini ni ujuzi wa lugha nyingine, na ni mara chache mtu huketi naye akamwonyesha mahali ambapo lugha hizi mbili zinaachana.

Zinaachana kwenye kitenzi. Chukua neno "nilipomwona". Ndani ya neno hilo moja umo mtenda, imo njeo (alama ya wakati wa tukio), kimo kiambishi cha urejeshi kinachoonyesha wakati, yumo mtendwa, na mwishoni uko mzizi wenye maana ya kuona. Hicho ni kishazi tegemezi (kile kisichosimama peke yake kama sentensi) kizima, kimekamilika, na hakihitaji neno jingine lolote. Kiingereza kinadai maneno manne, "when I saw him", na kila kazi iliyofanywa na kiambishi kimoja cha Kiswahili hapa inafanywa na neno linalosimama peke yake. Kwa hiyo Mswahili anapoandika Kiingereza hukabiliwa na hatari mbili: ama ataacha neno ambalo kwa Kiswahili lingekuwa ndani ya kitenzi, ama ataongeza neno kwa sababu kitenzi cha Kiswahili kingekuwa na kiambishi mahali hapo. Katika aya yako yamo yote mawili.

Sasa tuiache kidogo ile fasili ya "maana kamili". Naomba radhi kwa walimu wanaoitumia, lakini kwa maoni yangu imewapotosha wanafunzi wengi kuliko iliowasaidia. "Because she was sick" ina maana kamili kichwani mwako kwa sababu unajua ni nani aliyekuwa mgonjwa na ni jambo gani lililotokea kutokana na ugonjwa huo. Kwa upande mwingine, "She did" ni sentensi halali kabisa ya Kiingereza, ingawa msomaji asiyejua habari iliyotangulia hawezi kusema alifanya nini. Ukipima sentensi kwa maana utabahatisha daima. Kipimo kinachotegemeka ni umbo, na umbo linaanzia kwenye kitenzi chenye njeo.

Kitenzi chenye njeo ni kile kinachobadilika pale unapouhamisha wakati wa tukio: "visits" huwa "visited", "is" huwa "was", "has gone" huwa "had gone". Vitenzi visaidizi kama "can", "will" na "must" pamoja na kitenzi kikuu vinachofuatana nacho huhesabiwa kuwa kitenzi kimoja. Maumbo kama "to visit" na "visiting", yakiwa peke yake, hayana njeo, kwa hiyo "to visit my aunt" ni kirai, na "my aunt living in Pangani" bado haijawa sentensi hata ukiiwekea nukta. Kila kitenzi chenye njeo kinajenga kishazi kimoja, na kila kishazi cha namna hiyo kinahitaji kiima chake kinachoonekana wazi. Kiswahili kinaturuhusu kusema "Amechoka" tukanyamaza, kwa kuwa kiima kimo ndani. Kiingereza hakituruhusu, isipokuwa katika amri, kama "Close the door", ambapo anayeamriwa anajulikana bila kutajwa, na katika vishazi viwili vinavyochangia kiima kimoja, jambo nitakalolieleza mbele kidogo.

Baada ya kuvitambua vitenzi, fanya hesabu moja tu, na hii ndiyo ninayotaka uishike kuliko yote nitakayoandika hapa. Hesabu vitenzi vyenye njeo kati ya herufi kubwa na nukta. Kisha hesabu viunganishi vinavyofunga vishazi hivyo. Idadi ya viunganishi inapaswa kuwa pungufu ya idadi ya vishazi kwa kimoja. Kishazi kimoja hakihitaji kiunganishi; vishazi viwili vinahitaji kimoja; vitano vinahitaji vinne. Viunganishi vikizidi, umekosea. Vikipungua, umekosea pia, isipokuwa katika hali chache ambazo nitazitaja.

Tuitumie hesabu hiyo kwenye aya yako. "Last year I visited my aunt in Pangani" ina kitenzi kimoja, "visited", na haina kiunganishi. Ni sahihi. "Because she was sick" ina kitenzi kimoja, "was", na kiunganishi kimoja, "because", ilhali kishazi kimoja hakistahili kuwa na kiunganishi. Kiunganishi kimezidi, maana kinatafuta kishazi cha pili ambacho umekifungia nje kwa nukta. Hicho ndicho mwalimu wako anachokiita fragment. Dawa yake ni kuiondoa nukta: "Last year I visited my aunt in Pangani because she was sick." Vitenzi ni viwili na kiunganishi ni kimoja. Katika mazungumzo, mtu akiulizwa "Why did you go?" anaweza kujibu "Because she was sick" bila kosa lolote, na waandishi wa hadithi huvitumia vipande kama hivyo kwa makusudi, katika insha ya mtihani, hata hivyo, msahihishaji hana namna ya kujua kwamba umekusudia.

Sentensi inayofuata ndiyo yenye mambo mengi. "When I reached her house I found it is locked, I asked the neighbour where has she gone." Vitenzi vyenye njeo ni "reached", "found", "is locked", "asked" na "has gone", yaani vishazi vitano, hivyo tunatafuta viunganishi vinne. "When" ni cha kwanza na "where" ni cha pili. Kati ya "found" na "it is locked" kuna "that" ambayo Kiingereza kinaruhusu ifichwe, nayo tunaihesabu kuwa ya tatu. Cha nne hakipo. Kati ya "locked" na "I asked" umeweka alama ya mkato peke yake, na katika Kiingereza mkato hauna nguvu ya kufunga vishazi viwili huru, yaani vinavyoweza kusimama peke yake kama sentensi. Hapo ndipo mwalimu alipoandika run-on. Kwa Kiswahili ungesema "nikakuta imefungwa, nikamwuliza jirani", na kile kiambishi cha "-ka-" kingeibeba kazi yote ya kuunganisha. Kiingereza hakina "-ka-". Mahali pake panahitaji neno: "and", "so", "then" ikitanguliwa na "and", au nukta na sentensi mpya.

Katika sentensi hiyohiyo yamo makosa mengine mawili ambayo hesabu haiyafichui. Kiswahili husema "nilikuta imefungwa", na njeo ya "imefungwa" haibadiliki ingawa tukio zima limepita. Kiingereza hukivuta kitenzi cha kishazi tegemezi kifuate wakati wa kitenzi kikuu, kwa hiyo baada ya "found" inakuja "was locked". La pili ni mpangilio wa maneno katika swali lililomezwa ndani ya taarifa. Ukiuliza moja kwa moja, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima: "Where has she gone?" Swali hilo likishakuwa kishazi tegemezi, kiima hurudi mbele ya kitenzi kama katika taarifa ya kawaida: "I asked the neighbour where she had gone." Sisi tunasema "nilimwuliza amekwenda wapi" na "amekwenda wapi?" bila kubadilisha chochote, ndiyo maana kosa hili hudumu hata kwa watu waliosoma sana. Kumbuka pia kwamba katika swali la moja kwa moja "where" si kiunganishi. Haifungi vishazi viwili, inauliza tu, kwa hiyo usiihesabu.

Sentensi yako iliyorekebishwa inasomeka hivi: "When I reached her house, I found that it was locked, so I asked the neighbour where she had gone." Vishazi vitano, viunganishi vinne. Mkato uliopo baada ya "house" unatokana na kishazi tegemezi kutangulia. Kingekuja mwishoni, mkato usingehitajika.

"Although the neighbour was busy but she told me that my aunt she had gone to hospital." Vitenzi ni vitatu, "was", "told" na "had gone", kwa hiyo viunganishi vinapaswa kuwa viwili, nawe unavyo vitatu. Kiswahili hukubali "ingawa alikuwa na shughuli, lakini aliniambia", na wengi huona sentensi hiyo ina mizani nzuri zaidi ikiwa na "lakini". Kiingereza hudai uchague kimoja, ama "although" ama "but". Vivyo hivyo kwa "because" ikifuatwa na "so" au "that is why": sababu ikishatajwa kwa kiunganishi kimoja, haitajwi tena kwa kingine. Kisha kuna "my aunt she". Katika "shangazi amekwenda", kiambishi "a-" kinarudia kiima, nacho ni lazima kiwepo. Ukikitafsiri kwa "she" unapata viima viwili kwa kitenzi kimoja. Andika: "Although the neighbour was busy, she told me that my aunt had gone to hospital."

Sentensi ya mwisho inahitaji ipasuliwe katikati. Ina "met", "showed", "was raining" na "continued", yaani vishazi vinne, lakini kiunganishi cha kweli ni kimoja tu, "who". Neno "however" linaonekana kama kiunganishi na maana yake inafanana na ya "but", lakini kisarufi ni kielezi. Haliwezi kufunga vishazi viwili, na hali hiyo inayakumba pia maneno "therefore", "moreover" na "then". Kwa kuwa sisi huandika "kwa hiyo" na "hata hivyo" baada ya mkato bila shida, hapa ndipo hata barua za ofisini zilizoandikwa kwa Kiingereza kizuri hukosea. Kabla ya maneno hayo weka nukta au nuktamkato, na baada yake weka mkato: "It was raining; however, I continued." Nuktamkato ni mojawapo ya zile hali chache nilizozitaja: inachukua nafasi ya kiunganishi.

Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo inastahili kuangaliwa polepole. "Mwanamke niliyekutana naye stendi alinionyesha njia" ni Kiswahili safi, na ndani yake kuna "naye", inayomtaja tena yule mwanamke. Katika "kitabu nilichokinunua" vilevile, "-ki-" ya pili inakitaja tena kitabu. Kwa sababu hiyo tunaandika "the woman who I met her" na "the book which I bought it". Kirejeshi cha Kiingereza kinapokuwa mtendwa wa kitenzi, tayari kimeshaichukua nafasi ya mtendwa, na nafasi hiyo haijazwi mara mbili. Inakuwa "the woman who I met" au, kwa wanaopenda uandishi rasmi zaidi, "the woman whom I met". Unaweza pia kukiacha kirejeshi kabisa: "The woman I met at the bus stand showed me the road." Hapa vitenzi ni viwili na kiunganishi hakionekani, lakini kipo kwa kufichwa, kama ile "that" ya "I found it was locked". Unaposoma maswali ya ufahamu, zoea kuiona nafasi hiyo iliyofichwa: majina mawili au jina na kiwakilishi yakifuatana bila mkato, kama "the woman I" au "the book my father", mara nyingi kishazi kirejeshi kinaanzia hapo. Ruhusa ya kukificha haipo pale kirejeshi kinapokuwa kiima. "The woman showed me the road was kind" si sahihi. Lazima iwe "the woman who showed me the road was kind".

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Ukishazijua kazi za viunganishi, aina za sentensi kimuundo hazihitaji kukaririwa. Sentensi yenye kishazi huru kimoja ni sahili, hata ikiwa na maneno ishirini. Urefu hauhusiki kabisa. Vishazi huru viwili au zaidi vikifungwa kwa kiunganishi kinachovipa hadhi sawa, sentensi ni ambatano, na viunganishi hivyo ni saba tu: "and", "but", "or", "nor", "for", "so" na "yet". Vingine vyote, kama "because", "although", "when", "if", "unless", "until", "while", "that", "who", "which" na "whether", hukifanya kishazi kuwa tegemezi, na sentensi yenye kishazi huru kimoja pamoja na tegemezi kimoja au zaidi ni changamano. Zikikutana zote mbili, kama katika ile sentensi ndefu ya nyumba iliyofungwa, yenye "so" ikifuatana na "when", "that" na "where", tunapata sentensi inayounganisha ambatano na changamano. Katika karatasi ya Kiingereza majina ya aina hizo ni simple, compound, complex na compound-complex.

Ukiwa na shaka, jaribu kukihamisha kishazi. "I visited my aunt because she was sick" inaweza kugeuzwa ikawa "Because she was sick, I visited my aunt", nayo bado inasimama. "The neighbour was busy, but she told me" haiwezi kuanzishwa kwa "But she told me, the neighbour was busy". Kishazi kinachohama pamoja na kiunganishi chake ni tegemezi. Kinachokataa kuhama na kiunganishi chake kimefungwa kwa usawa. Kipimo hiki kinafaa kwa vishazi vya kielezi. Vishazi vinavyofanya kazi ya nomino vipime kwa kuviondoa na kuweka neno "something": "She told me that my aunt had gone to hospital" inakuwa "She told me something". Vile vya kivumishi utavitambua kwa kuwa hufuata jina vinalolieleza. Usijaribu kuvitambua kwa neno la mwanzo pekee, maana "where" katika "I asked where she had gone" inaanzisha kishazi nomino, na katika "the hospital where she had gone" inaanzisha kishazi kivumishi.

Kuna mahali pawili ambapo somo la Kiswahili na somo la Kiingereza hayapangi mambo kwa namna moja, nisingependa pakukwamishe. Katika Kiswahili umefundishwa kuhusu sentensi shurutia kama aina inayojitegemea. Walimu wa Kiingereza huiweka ndani ya sentensi changamano, kwa sababu kishazi cha "if" ni tegemezi kama kingine chochote. Pili, sentensi kama "She opened the door and greeted me" ina vitenzi viwili vinavyochangia kiima kimoja. Sarufi nyingi za shule huiita sahili yenye kiarifu maradufu, na wengine huiita ambatano. Ukitakiwa kutunga sentensi ambatano wewe mwenyewe, jiepushe na utata huo kwa kukipa kila kitenzi kiima chake: "She opened the door, and she greeted me."

Kwa kuwa nimetaja masharti, acha nikae hapo kidogo. Kiambishi "-ki-" katika "akifika" kinaweza kumaanisha "if he arrives" au "when he arrives", na Kiswahili hakituulizi tumekusudia lipi. Kiingereza kinakulazimisha uamue: je, una hakika kwamba atafika, au huna? Na kwa vyovyote vile usiweke "will" ndani ya kishazi hicho. Tunasema "nitakapomwona nitamwambia", njeo ijayo ikionekana mara mbili, Kiingereza huiweka mara moja tu, kwenye kishazi huru: "When I see him, I will tell him." Hali ni hiyo kwa "-nge-". "Ningekuwa na nauli ningekuja" ina kiambishi kimoja kinachojirudia pande zote mbili, na mwanafunzi huandika "If I would have fare, I would come". Kiingereza sanifu huweka wakati uliopita upande wa sharti na "would" upande wa matokeo: "If I had the fare, I would come." Kwa "ningalijua ningalikuja" kinarudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had known, I would have come."

Usichanganye aina hizi za kimuundo na zile za kidhamira, yaani taarifa, swali, amri na mshangao. Ni migawanyo miwili inayopishana. "Did you leave because you were tired?" ni swali na papo hapo ni changamano. Swali la mtihani likitaja structure au function, soma neno hilo kabla ya kuanza kujibu.

Mkato wa kishazi kirejeshi nao una uzito wake. "My brother who lives in Arusha is a driver" inamwambia msomaji kwamba una kaka zaidi ya mmoja, nawe unamtofautisha yule wa Arusha na wengine. "My brother, who lives in Arusha, is a driver" kwa kawaida inaonyesha kwamba unaye mmoja, na habari ya Arusha imeongezwa tu. Maneno ni yaleyale. Katika barua ya kuomba kazi au maelezo ya familia, mikato hiyo miwili inaweza kubadilisha ukweli unaoutoa.

Kuhusu sentensi ndefu, usiziache. Andika insha kama unavyoandika sasa, bila kujizuia, kisha iache usiku mmoja. Kesho yake chukua kalamu ya rangi nyingine, pigia mstari kila kitenzi chenye njeo, zungushia duara kila kiunganishi, na ufanye hesabu sentensi baada ya sentensi kabla mwalimu hajaiona. Utakapopata upungufu, usikimbilie kuweka "and". Jiulize kwanza uhusiano uliopo kati ya matukio hayo mawili ni upi, kwa sababu ndilo jambo ambalo sentensi fupifupi haziwezi kulisema. "The neighbour was busy. She told me. My aunt was in hospital." Hapo hakuna kosa la sarufi hata moja, na bado msomaji hajui kama jirani alikusaidia licha ya shughuli zake au alikujibu haraka kwa sababu ya shughuli hizo. "Although the neighbour was busy, she told me that my aunt was in hospital" inamwonyesha mtu mwema aliyeacha kazi yake akakusikiliza.

Kwa wiki hii anza na hesabu ya vitenzi na viunganishi peke yake. Njeo za kishazi cha "if" na mikato ya virejeshi vifuate baada ya hesabu hiyo kuwa nyepesi mkononi. Ukiandika aya mpya ya safari hiyo ya Pangani, nitumie pamoja na mistari na duara zako, ili nione mahali unapohesabu sawa na mahali unapokwama.